Kwa nini gemu za vidoti zinamvuta kijana asiyezikuta?

SWALI: Fundi, salaam aleikum. Mimi ni kijana wa Langoni, Lamu, nina miaka 19. Mwaka jana nilinunua laptopu ya mtumba isiyo na nguvu sana, nikaanza kucheza gemu za mtindo wa zamani: picha za vidoti, mtu mdogo na upanga wake, anazunguka, anapigana, anapata nguvu kidogo kidogo. Sasa sitaki nyingine. Kaka yangu ana PlayStation mpya, ananicheka. Asema nimerudi nyuma, eti hizi ni gemu za watu wazima wanaokumbuka utoto wao. Mimi utotoni sikuziona. Basi ni nini kinachonivuta? Na je, napoteza wakati?

JIBU: Waaleikum salaam, mdogo wangu. Nimefurahi swali hili limetoka Langoni, maana ni papo hapo nilipozishika gemu hizi mara ya kwanza, miaka ya 90, kabla sijahamia Malindi na kufungua karakana ya kutengeneza simu na mashine za gemu. Mtaani kwetu mashine ilikuwa nyumba moja tu. Tukikaa watoto tisa mbele ya televisheni ya chogo, padi mbili za kuchezea, na kaseti ya gemu ambayo maandishi yake yote yalikuwa ya Kijapani. Kwa hiyo yule mtu mzima anayesemwa na kaka yako ni mimi. Nina huo utoto wa kukumbuka. Wewe huna, na bado umenaswa. Ndiyo maana swali lako limenikalia kichwani wiki nzima: kwako kumbukumbu haimo, imebaki gemu yenyewe, na hiyo ndiyo ya kuulizwa.

Nionavyo mimi, baada ya miaka mingi ya kuzifungua mashine hizi na kuzicheza, zinakuvuta kwa sababu hazikumalizii kazi. Zimekuachia fungu lako ulifanye mwenyewe, kwa jicho, kwa mkono na kwa akili.

Tuelewane kwanza tunazungumzia nini. RPG, yaani gemu za uhusika, zilizaliwa mezani kabla ya kuingia kwenye kompyuta. Mwaka 1974 Marekani ilitoka Dungeons & Dragons, mchezo wa karatasi, penseli na dadu, ambamo kila mtu huchukua mhusika na kumwandikia nguvu zake kwa tarakimu. Mhusika akishinda hupata uzoefu, na uzoefu ukijaa hupanda daraja. Kompyuta zilipourithi mchezo huu zilirithi na zamu zake: wewe wachagua, kisha adui achagua, kama watu wawili kwenye bao. Mwaka 1984 huko Japani zikatoka Dragon Slayer, Hydlide na The Tower of Druaga, zamu ikavunjwa. Adui hakungoji tena. Tarakimu bado zipo, lakini na mkono wako umo. Hiyo ndiyo RPG ya mapambano.

Sasa jicho, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo watu wanapokosea. Kaka yako akitazama vidoti anaona upungufu. Upungufu ulikuwepo kweli. Famicom, mashine ambayo Nintendo waliitoa Japani mwaka 1983, ilikuwa na kumbukumbu ya kufanyia kazi ya kilobaiti 2 tu. Picha yake ilikuwa vidoti 256 kwa 240. Maumbo yanayotembea yalijengwa kwa vipande vya vidoti 8 kwa 8, na kila kipande kiliruhusiwa rangi 3, ya nne ikiwa ni uwazi. Vipande vikizidi 8 kwenye mstari mmoja wa skrini, kinachofuata hakichorwi. Ndiyo maana maadui wakijazana walikuwa wakipepesa kama moto wa kibatari mlangoni. Gemu nzima ya The Legend of Zelda ya mwaka 1986, milima yake, mapango, maadui na muziki, ilikaa ndani ya kilobaiti 128. Picha moja unayopiga kwa simu pale Mkunguni inazidi hapo mara nyingi.

Mchoraji aliyepewa nafasi hiyo hawezi kukuchorea uso. Anaweza kukupa dalili ya uso, nawe ukaumaliza. Shujaa wa Zelda ni rangi tatu tu: kijani ya nguo, hudhurungi ya nywele, na rangi ya ngozi. Lakini muulize aliyeicheza akueleze shujaa yule yukoje, atakueleza mtu kamili, mwenye hasira na mwenye woga. Nani aliyemchora huyo mtu kamili? Mchezaji. Na akishamchora ni wake, hamwachi tena. Gemu ya kaka yako imechora mpaka vinyweleo, ni kazi kubwa na naiheshimu, ila jicho la kaka yako limebaki na kazi ya kutazama tu.

Wewe ni mtu wa Lamu, kwa hiyo jambo hili ulishalijua kabla ya kuona gemu yoyote. Bibi yangu alikuwa akighani tenzi jioni. Ubeti wa utenzi ni vipande vinne, kila kipande mizani nane, hakuna ya tisa. Mshairi anataka kusimulia vita vizima na amepewa mizani nane. Hawezi kueleza vazi la askari mpaka kifungo. Anataja jambia, basi, wewe unamuona mwenye jambia. Vidoti vinane na mizani nane vimekutana kwa sadfa tu, sidai zaidi. Lakini kazi inayofanywa na msikilizaji wa utenzi na ile inayofanywa na mchezaji wa gemu hizi naiona ni moja, na sijapata kusikia mtu akimcheka mshairi kwamba mizani zimemwishia.

Uhaba huo ulizaa na kitu kingine: kila kilichomo kikawa na maana. Katika Zelda ipo pete ya buluu, inauzwa vito 250, bei ya kumtesa mchezaji kwa saa kadhaa. Ukiivaa, mapigo ya adui yanakuumiza nusu, na nguo ya shujaa inabadilika kutoka kijani kuwa samawati iliyopauka. Hakuna mchoro mpya hapo, ni rangi moja tu iliyobadilishwa kwenye orodha ya mashine, jambo lisilogharimu chochote. Lakini kuanzia hapo kila hatua unaiona ile jasho yako mwilini mwake. Leo kuna gemu zenye nguo mia za kumvisha mhusika, na sikumbuki hata moja.

Mkono nao. Unazijua vizuri gemu za mpira ambazo vijana hulipia kwa mechi. Mechi ikiisha, mnaanza sifuri kwa sifuri. Na zile RPG za zamu, mhusika anakua lakini mkono wako hauna la kufanya zaidi ya kuchagua. RPG ya mapambano inashika vyote viwili. Chukua Ys, iliyotoka mwaka 1987. Haina hata kitufe cha kupiga. Unamkimbilia adui umgonge. Ukimgonga uso kwa uso unaumia. Ukimgonga kwa kuegemea upande, sehemu ya mwili wako ikiwa nje ya wake, anaumia yeye. Ni hayo tu, na mtoto wa miaka saba anaelewa kwa dakika mbili. Kisha wanakuja wanaokimbia, wanaozunguka, wanaorusha vitu, na lile jambo dogo la kuegemea upande linakuwa fani ambayo vidole vinaijua kabla ya kichwa. (Muziki wake nao usikilize. Yuzo Koshiro, mmoja wa waliotunga, alikuwa na miaka 19 gemu hiyo ilipotoka. Umri wako.)

Au Zelda tena. Unaanza na mioyo mitatu, ndiyo uhai wako. Mioyo ikiwa imejaa, upanga unarusha mwali unaompiga adui kwa mbali. Ukiguswa mara moja tu, mwali hautoki, itabidi umkaribie. Tazama kanuni hiyo moja inavyofanya kazi: anayecheza vizuri anapewa silaha ya kuendelea kucheza vizuri, na anayeteleza analazimishwa kusogea penye hatari. Hakuna maandishi ya kukueleza. Unaona kwa macho, mkono unajifunza. Secret of Mana ya mwaka 1993 ilifanya kinyume chake: ukishapiga pigo moja, ungoje kipimo kijae ndipo upige tena kwa nguvu kamili. Anayebonyeza ovyo anapiga mapigo ya kitoto, anayejua kungoja anaua. Hiyo mnaweza kuicheza hata watatu pamoja, na ningependa uicheze na kaka yako.

Kwa hiyo ndani ya gemu hizi kuna ngazi mbili zinazopandwa kwa pamoja. Ya kwanza ni ya mhusika: daraja, mioyo, upanga bora. Ya pili ni yako. Zinasaidiana kiasi kwamba hujui ushindi ulitoka wapi. Ukikwama kwa bosi, yaani adui mkubwa anayekuzuia njia, unaweza kurudi nyuma kuongeza nguvu za mhusika, au ukaendelea kujaribu mpaka mkono uzoee. Asiye na mkono mwepesi hafungiwi mlango, na mwenye mkono mwepesi haambiwi angoje. Mimi naona hapo ndipo ulipo uzuri wa aina hii kuliko aina nyingine zote, na mtindo wa zamani unauonyesha wazi kwa sababu hakuna moshi, cheche wala kamera inayozunguka ya kuuficha.

Fikiria mgeni anayeshuka jetini leo. Akiingia vichochoroni kutoka Langoni kuelekea Mkomani, robo saa ameshapotea. Kila kona ni ukuta wa matumbawe, kila ukuta una mlango wa mbao. Wewe unapita gizani umeme ukiwa umekatika na hujikwai. Kuta ni zile zile, hazikulegeza chochote kwa ajili yako. Gemu nzuri za aina hii zimejengwa hivyo. Shigeru Miyamoto, aliyeiunda Zelda, amesimulia mara nyingi kwamba iliota kutoka utoto wake huko Sonobe, karibu na Kyoto, alipokuwa akizurura vilimani na siku moja akakuta pango, akaliingia na taa. Ndiyo maana gemu yake inakutua nyikani bila upanga na bila maelezo: njia tatu, na mlango mmoja mweusi wa pango. Uende wapi? Skrini 128 za nchi ya juu, ngome 9 chini yake, na hakuna mshale wa kukuelekeza.

Gemu nyingi kubwa za sasa zina huo mshale. Unaufuata, unafika, hujui ulipita wapi. Sisemi zote, zipo mpya zilizoacha mshale zikafana sana. Lakini ukiniuliza ni kitu gani kimoja ningekirudisha kutoka zamani, si vidoti. Ni ile heshima ya kumwacha mtu apotee.

Kuhusu akili, hekaya ya Liyongo unaijua. Amefungwa, atauawa, na anachoomba ni mkate. Mama yake anaoka wa wishwa, anaficha tupa ndani, na walinzi wanaodharau wishwa wanamwachia. Kitu kidogo kisicho na thamani machoni mwa wengine, kikitumiwa mahali pake, kinafungua gereza. Kisha shujaa huyo huyo asiyeuawa na silaha yoyote ana mahali pamoja tu, kitovuni, na kitu kimoja tu, sindano ya shaba. Nikiwafundisha vijana hapa Malindi namna bosi wa gemu anavyoundwa, naanza na Liyongo, siendi Japani. Bosi mzuri ni yule ambaye dawa yake ilikuwepo mbele yako muda wote na hukuitambua.

Kuna jambo la lugha pia, na kwetu sisi lina uzito. Gemu zinazojaa mazungumzo ya Kiingereza zinamwacha nje mtoto mwenye akili kali ambaye Kiingereza hakijamkaa. Zile zinazosema kwa picha zinatuweka sawa na mtu wa Tokyo au London. Hyper Light Drifter, ya mwaka 2016, watu wake hawasemi neno. Wanakusimulia yaliyowapata kwa picha, na unaelewa kwamba mji umechomwa na nani amekufa. Tunic, ya mwaka 2022, imekwenda mbali zaidi: unaokota kurasa za kitabu cha maelezo moja moja, na sehemu yake kubwa imeandikwa kwa herufi ambazo hakuna mtu duniani aliyezijua kabla. Unasoma kwa michoro, mishale, na alama zilizotiwa kwa kalamu pembeni. Nilipoifungua nilirudi moja kwa moja kwenye kaseti yetu ya Kijapani, watoto tisa tukibishana kitufe hiki kazi yake nini. Sisi tulidhani ule ulikuwa umaskini wetu. Kumbe zile kelele za ubishi ndizo zilizokuwa gemu.

Nisikudanganye, si zote nzuri. Nyingi za mtindo huu zinazouzwa leo zimevaa vidoti kwa kuwa vidoti vinaonekana rahisi kuchora. Na za zamani zenyewe zina makosa yasiyo na utetezi: kuua wadudu wale wale saa mbili ili tu tarakimu ipande, kufa ukarudishwa mbali mno, milango iliyofichwa nyuma ya ukuta usio na alama hata moja, ambayo ulitegemea rafiki akunong'oneze. Pia usichanganye za zamani na za mtindo wa zamani. Eastward ya mwaka 2021, kutoka Shanghai, ina picha za vidoti lakini mwanga na vivuli vyake ni vya leo, Famicom isingebeba skrini yake hata moja. CrossCode ya Wajerumani, mwaka 2018, ina kasi ambayo mashine zile zisingeiweza. Hawa hawakukosa namna. Wamechagua. Ninapotaka kujua kama gemu ni nzuri nacheza nusu saa na kujiuliza swali moja: nilipokufa, nilijua kosa langu? Nikijua, naendelea. Nisipojua mara tatu mfululizo, naifuta.

Uliuliza kama unapoteza wakati. Inategemea ngazi ipi inakushika. Tarakimu zinazopanda zina utamu wake, na utamu huo hauhitaji uwe hodari. Ukijikuta usiku wa manane unasema daraja moja tu, halafu moja tena, na mkono wako haujajifunza kitu kwa wiki, hapo tarakimu zimekushika, zima ulale. Chagua gemu inayokuruhusu kuhifadhi ulipofika wakati wowote, ili adhana au mama akikuita uondoke bila kusononeka. Lakini ukiwa bado unapotea, unachunguza, unashindwa na kuelewa kwa nini, sioni wakati uliopotea. Kaka yako akishinda na mechi zake hamwambii kapoteza wakati.

Mambo mawili ya ufundi. Usizicheze kwa kibodi ya laptopu, na usizicheze kwa kioo cha simu: pigo linataka kitufe kinachosikika chini ya kidole. Padi ya mtumba ya waya inatosha. Na ukiunganisha kwenye televisheni bapa ya kaka yako, tafuta kwenye mipangilio yake hali ya gemu uiwashe. Televisheni hizi huchelewesha picha kidogo kwa kuipamba, na kucheleweshwa huko, ambako kwenye sinema hukuoni, kwenye upanga kunakuua. Televisheni za chogo hazikuwa na tatizo hilo. Tena zilikuwa zikiyeyusha kingo za vidoti, kwa hiyo sisi hatukuona miraba mikali unayoiona wewe.

Na sasa nikuombe kitu. Mwaka 2016 kampuni ya Kiro'o Games ya Kameruni ilitoa Aurion: Legacy of the Kori-Odan, RPG ya mapambano iliyotoka kwenye hekaya na mavazi ya Kiafrika. Haikutumia vidoti, michoro yake ni ya mkono, lakini waliifanya Yaoundé, penye shida za umeme kama zetu. Mwaka huo huo Eric Barone, Mmarekani, alitoa Stardew Valley baada ya zaidi ya miaka minne ya kuifanya peke yake: picha, muziki, hadithi na programu. Chombo cha kuundia gemu kiitwacho Godot ni cha bure, na kwa gemu za vidoti laptopu yako ya mtumba itakiweza.

Usianze na gemu. Chukua karatasi ya hesabu ya miraba, hesabu miraba 16 kwa 16, uchague rangi tatu, usiongeze. Nichoree punda wa Lamu aliyebeba shogi la mchanga, anayepanda kutoka ufukweni. Itabidi uamue masikio yachukue miraba mingapi, na kama shogi litaonekana ukitoa sadaka mguu mmoja. Ukimaliza mwonyeshe kaka yako bila kumwambia ni nini. Akisema "punda", upige picha mchoro huo unitumie.